Faini ya Sijui

Benchi lenyewe si la kujivunia. Ni ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili, ukaegemezwa ukutani mwa duka lililofungwa zamani, pale barabara ya lami inapokutana na njia ya vumbi. Upande mmoja anakaa Gundi, fundi viatu, na sanduku lake la misumari, nyuzi na vipande vya matairi. Upande wa pili Mama Birika ameweka jiko lake la mkaa na vikombe vyake vidogo. Katikati wanakaa wenye akili. Hapo katikati mambo ya dunia nzima huamuliwa kila asubuhi kabla jua halijafika ukutani, na asiyepata pa kukaa huamua akiwa amesimama. Sheria ya benchi ni moja tu na haina rufaa: hapa hakuna kusema "sijui." Anayesema sijui huwanunulia wote kahawa, kisha hutaniwa mpaka achukie masikio yake. Kinyozi mmoja aliwahi kuteleza. Aliulizwa kuhusu bei ya mafuta, neno likamtoka bila kufikiri, akalipa, akaitwa Bwana Sijui, na hadi leo akienda kazini anapitia upande wa pili wa barabara. Ukiuliza ni nani aliyetunga sheria hiyo utatajiwa watu wanne tofauti, kwa kuwa hakuna wa kukujibu kwamba hajui.

Kwa hiyo watu wa benchi hilo wanajua kila kitu. Watafanyaje?

Asubuhi hiyo gari la halmashauri lilipita polepole, kipaza sauti juu, likiwahimiza watu wote kuwa wananchi wenye taarifa. Likarudia mara kadhaa, likakata kona, likatokomea bila kusema taarifa zenyewe ni zipi. Benchi likapata kazi.

— Kwanza tujiulize, alisema Katiba. Ile ni amri au ni ombi?

Katiba alikuwa tarishi wa mahakama mpaka alipostaafu. Ujana wake wote alibeba mafaili ya kesi kwapani, na anaamini sheria zilimwingia kupitia hapo.

— Ni amri, alijibu Satelaiti. Ombi halipitishwi na gari.

Huyu Satelaiti ni kijana wa makamo anayeuza chaja na vifuniko vya simu, amevitundika kwenye ubao kifuani. Ana simu mbili, na hupata habari ya ajali kabla dereva hajashika breki.

— Haya, kama ni amri, mwananchi mwenye taarifa ni nani? Toeni maana, alisema Katiba.

— Ni yule anayejua kabla ya wenzake. Basi. Ukijua baada ya mwenzako hiyo si taarifa, hayo ni makombo.

— Hapana, bwana mdogo. Ni yule anayejua haki zake. Mimi askari akinisimamisha barabarani najua cha kumwambia.

— Unamwambia nini? aliuliza Mama Birika huku akipuliza mkaa.

— Namwambia "shikamoo." Hiyo ndiyo haki ya kwanza.

— Na ya pili?

— Ya pili ni kwenda zangu.

Msemo alikuwa akisubiri zamu yake. Yeye ni mpaka rangi wa nyumba, suruali yake ina alama ya kila ukuta aliowahi kuupaka, na kwa kila jambo ana methali, ila tu si methali ya jambo hilo.

— Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndiyo maana nawaambieni habari zote kubwa zinatoka chini.

— Chini wapi?

— Chini ya ardhi. Mnaona ile mitaro wanayochimba wakasema ni ya maji? Mmewahi kuona maji?

— Kweli maji sijayaona, alikiri Katiba.

— Basi! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndiyo maana mitaro yenyewe hawaifukii.

Gundi alicheka, akapigilia msumari. Alikuwa na kiatu cha mwalimu mmoja, kisigino kimelika upande, na mwenyewe alitaka kukipitia kabla ya kengele. Lakini kila alipoinua macho kuchukua msumari mwingine, aliona pengo. Kati yake na Katiba palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyeikalia, ingawa Msemo alikuwa amesimama. Ilikuwa nafasi ya Redio.

Redio ni mzee mwembamba, huja na kiredio kidogo mfukoni, akakiweka gotini na kukifungulia sauti ya chini, halafu akawaeleza wenzake dunia imelalaje. Vita vya mbali, mvua za mbali, mawaziri wa mbali waliojiuzulu, yote yalipitia gotini pake. Gundi hakuwa na haja kubwa na mawaziri hao. Kilichomkaa moyoni ni kwamba kabla ya kuwasha kiredio, mzee yule humgeukia na kumuuliza, "Umeamkaje, mwanangu?" halafu akangoja jibu. Siku kadhaa sasa hakuna aliyemuuliza Gundi ameamkaje. Alimkosa yule mzee, na alishangaa kuona anamkosa kiasi kile.

— Redio angekuwepo angetupa maana yenyewe, alisema, kana kwamba anaongea na kisigino.

— Redio! Satelaiti aliruka. Huyo ndiye mwananchi mwenye taarifa. Anajua joto la nchi tano.

— Kwani yuko wapi siku hizi? aliuliza Mama Birika.

Swali lilianguka katikati ya benchi, na benchi haliachi swali lipoe.

— Betri zimemwishia, alisema Katiba. Anaona haya kuja mikono mitupu. Mtu wa habari bila habari ni uchi mtupu.

— Betri gani? alisema Satelaiti. Mzee amepata kazi. Kuna kituo kimoja kimemchukua asome taarifa ya habari. Kama mna masikio, msikilizeni saa mbili usiku. Sauti wameibadilisha kidogo kwa mitambo.

— Kwa nini waibadilishe?

— Usalama.

— Labda anaumwa, alisema Mama Birika.

Wakamtazama kwa huruma.

— Mama, alisema Katiba kwa upole, hiyo si taarifa. Hiyo ni labda.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Msemo, akainama na kushusha sauti mpaka wote wakasogea. Sasa niwaambie nilichokuwa nimekificha. Mmewahi kukiangalia kile kiredio kwa makini?

— Tumekiangalia.

— Mmewahi kukisikia kikitaja jina la kituo?

Wakafikiri. Hakuna aliyekumbuka.

— Kwa sababu si kiredio cha kupokea. Ni cha kurusha. Yeye alikuwa hatusomei habari. Alikuwa anatusikiliza sisi, anatutuma kule juu. Sasa faili letu limejaa, kazi imekwisha, amehamishiwa benchi lingine.

Hata Satelaiti alionekana kuumia kwamba wazo hilo halikuwa lake. Kisha Katiba akaanza kukumbuka kwa sauti maneno yote aliyowahi kusema kuhusu diwani, akitafuta yale ambayo angeweza kuyakana.

Gundi alikuwa na swali lake, dogo tu, na lilikuwa limemfika kwenye meno. Alitaka kuuliza: mzee anakaa nyumba ipi, tukamwone? Lakini alijua litakalofuata. Wangemgeukia wote kwa pamoja: "Wewe uliyekaa naye bega kwa bega hujui anakokaa?" Na hapo jibu ni moja tu. Si bei ya vikombe vitano vya kahawa iliyomtisha. Alimwona kinyozi wa watu akipita ng'ambo kila asubuhi, macho mbele, kama anayepita penye mbwa. Akakipiga kile kisigino msumari mwingine, na swali akalimeza. Alijichukia kidogo, akaendelea na kazi.

Hapo ndipo alipotokea yule binti.

Alikuwa amevaa sare nyeupe ya hospitali na sweta juu yake. Gundi aliviona viatu vyake kwanza, huo ni ugonjwa wa kazi: vilikuwa vyeupe, vimeanza kufanana na njia, na soli ya kushoto ilikuwa inaachia. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala.

— Shikamooni wazee. Shikamoo mama.

— Marahaba, mwanangu, alisema Mama Birika. Karibu kahawa.

— Ahsante mama, nimetoka zamu ya usiku, nikinywa hiyo sitapata usingizi. Nilikuwa naomba kuuliza tu. Ninyi ni wenyeji wa hapa?

Katiba alicheka kwa raha.

— Wenyeji? Binti, sisi ndio hapa penyewe. Uliza.

— Natafuta watu wanaomjua huyu.

Alitoa simu, akasoma majina matatu ya mtu, taratibu, moja baada ya jingine, kama yanavyosomwa dirishani pa dawa. Gundi akayapitisha kichwani. Hayakugonga popote. Akawatazama wenzake na kuona kwamba nao hayajawagonga popote. Lakini sheria ni sheria.

— Huyo alihama, alisema Satelaiti.

— Alihama?

— Zamani! Yuko nje ya nchi. Tunasalimiana mara moja moja.

— Wewe unamchanganya, Katiba alimkata. Huyo ana kesi ya kiwanja na kaka yake. Faili lao nimelibeba kwa mkono huu. Zito!

— Kesi hiyo ilikwisha, alisema Msemo, akavua kofia polepole na kuibana kifuani. Ilikwisha kwa sababu marehemu nilimzika mimi. Jeneza nilishika upande wa miguuni. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Yeye hakupona.

Binti akamtazama.

— Mzee, huyu mtu nimemgeuza ubavu kitandani alfajiri ya leo.

Msemo alirudisha kofia kichwani.

— Basi ni ndugu yake. Wanafanana mno.

— Umejuaje wanafanana na huyu hujamwona? aliuliza Mama Birika.

Binti aliirudisha simu mfukoni. Hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka tu.

— Sawa. Nilidhani nitakuwa na bahati. Kadi yake ya matibabu ni ya zamani, imeandikwa mtaa huu, basi, hakuna nyumba wala namba ya mtu wake. Nitawaambia wenzangu hana mtu.

Alishaanza kuondoka, akamgeukia Mama Birika, mwanamke kwa mwanamke.

— Inauma, mama. Kiharusi kimemlegeza upande mzima, na kauli imefunga. Wasamaria walimwokota kituo cha mabasi. Mkono mmoja tu ndio unaoshika, na ameshika kiredio kidogo kilichofungwa kwa mpira. Tukitaka kukiweka kabatini analia.

Nyundo ya Gundi ilibaki hewani.

— Mpira mweusi? aliuliza. Umezungushwa mara mbili, kushikilia betri?

— Ndiyo. Kifuniko chake hakipo.

— Nilimfungia mimi, alisema Gundi. Nilikata mpira wa tairi la baiskeli. Alikaa hapa. Hapa.

Akaweka kiganja kwenye ubao, kwenye lile pengo. Msemo, ambaye alikuwa amemzika mzee muda ule ule, aliketi chini kwenye mavumbi. Satelaiti alikuwa anaitazama simu yake moja, kisha ya pili, na zote zilikuwa nyeusi.

— Ni Redio, alisema Mama Birika. Jamani, ni Redio wetu. Na mimi nilisema anaumwa.

— Kumbe mnamjua! Uso wa binti ukafunguka. Mungu mkubwa. Ngojeni, ngojeni hapo hapo, daktari ananisubiri kwenye simu tangu nilipotoka. Kuna dawa anataka kumwanzishia, na anaogopa. Ana sukari? Ana presha? Kuna dawa alikuwa anameza? Kuna dawa inayomdhuru?

Akawa tayari ameshabonyeza, simu iko sikioni. "Daktari, nimewapata watu wake. Ndiyo. Wanakaa naye kila siku." Akawaelekea kwa macho yenye matumaini, na matumaini hayo ndiyo yaliyowaponza, kwa maana benchi halijawahi kumwangusha muulizaji.

— Presha, alisema Katiba. Mzee yeyote anayefuatilia habari ana presha. Andika.

— Na sukari, alisema Satelaiti. Mama, si kahawa yake hatii sukari?

— Hatii, kweli.

— Umeona? Ana sukari. Tena ya siku nyingi.

— Figo pia, alisema Msemo kutoka chini. Nimeyaangalia macho yake. Mimi ni mtu wa rangi, siwezi kukosea rangi.

— Na ile dawa ya sindano ya kuyeyusha damu ndiyo inayomdhuru, aliongeza Satelaiti, amepata moto. Mwenyewe aliniambia. Iliwahi kumvimbisha.

— Mna hakika? aliuliza binti.

— Hakika kabisa!

Walisema kwa sauti moja, na haikuwa sauti ya utani. Walimpenda yule mzee. Walitaka kumpa kitu, na hawakuwa na kitu kingine cha kumpa isipokuwa majibu.

Gundi naye alikuwa na lake. Aliwahi kumwona Redio akitoa kitu cheupe mfukoni na kukitia mdomoni, asubuhi moja ya baridi. Kidonge, alitaka kusema, anameza vidonge vyeupe. Mdomo ulishafunguka. Kisha akakumbuka kwamba asubuhi ile mzee alimpa na yeye kimoja, na kilikuwa peremende. Hofu ikamshika ghafla. Alimwona daktari asiyemjua, mahali asipopajua, amemwinamia mzee na kusikiliza benchi. Anayaamini maneno yao kwa sababu ameambiwa hawa ni watu wake.

— Dada, alisema. Usimwambie daktari hayo.

— Yapi?

— Yote. Sisi hatujui.

— Gundi! alisema Katiba kwa mshtuko.

— Sijui, alisema Gundi tena, kwa sauti kubwa zaidi kuliko alivyokusudia. Mimi sijui kama ana sukari. Sijui kama ana presha. Sijui anakokaa, sijui kama ana mke, sijui kama ana mtoto. Hilo jina ulilosoma ndiyo kwanza nalisikia. Na hawa hawajui. Sukari haweki labda haipendi tu. Mwambie daktari hatujui, dada, nakuomba, asije akamnyima dawa kwa maneno yetu.

Binti aliwatazama mmoja mmoja. Simuni sauti ndogo ilikuwa inauliza, "Haloo? Wana hakika?"

— Ni kweli? alisema binti. Hiyo ya sindano kumdhuru, alikuambia lini?

Satelaiti alifungua mdomo. Gundi hakuwahi kumwona mdomo umefunguka na hakuna kitu kinatoka.

— Hakuniambia, alisema mwishowe. Nilisoma mahali kuhusu mtu mwingine.

— Faili la kesi pia sikulibeba, alisema Katiba huku akifuta miwani kwa ncha ya shati. Na presha... sijui.

— Mimi macho yake nimeyaona kwa jua la asubuhi tu, alisema Msemo. Kila jicho ni la njano kwa jua la asubuhi. Sijui, mwanangu.

Neno lilikuwa limesemwa mara nyingi kuliko lilivyowahi kusemwa tangu ubao ule ulazwe, na ukuta haukuanguka. Hakuna aliyecheka. Katiba alionekana mzee ghafla, na Gundi akamwonea huruma.

"Daktari," alisema binti kwenye simu, "futa, hawajui. Ndiyo. Pimeni kwanza, msichukue neno la mtu. Ndiyo, ndiyo, hata hiyo ya sindano." Akasikiliza. Akakata. "Anasema afadhali mmesema mapema," aliwaambia. "Kwa maneno yenu, ile ya sindano alikuwa ameshataka kuiacha."

Mama Birika alijishika kifua.

— Mimi ninachokiona, alisema, ni kwamba kila asubuhi anatokea upande wa bohari ya mbao, mkono wa kushoto wa njia. Zaidi ya hapo sijui. Lakini kule kuna nyumba, na nyumba zina milango.

— Tuende tukaulize, alisema Katiba.

— Tuulize nini? alisema Msemo.

— Tuulize kama yupo anayemjua. Dada, hebu lisome tena lile jina, polepole. Satelaiti, andika kwenye simu, na usiongeze kitu.

Binti akalisoma tena. Safari hii walilisikiliza kama watoto siku ya kwanza ya shule, midomo ikitembea. Katiba alilirudia mara mbili akakosea jina la katikati, akasahihishwa, akashukuru. Kisha wakaondoka wote watatu kuelekea bohari ya mbao, Satelaiti na ubao wake wa chaja ukigongagonga kifuani, na hata kabla ya kufika mbali walisikika wakibisha hodi mlango wa kwanza. Gundi aliwasikia wakisema, "Samahani, hatujui, ndiyo maana tunauliza." Katika miaka yote aliyokaa kwenye benchi lile, hakuwahi kuona fahari kuwa mmoja wao kama wakati ule.

Alikipa kiatu cha mwalimu msumari wa mwisho, akampa Mama Birika amwekee mwenyewe. Akafunga sanduku.

— Mimi nitakwenda hospitali, alisema. Asiamke akaona dari tupu.

— Nitakupeleka mpaka wodini, alisema binti. Wakikuona peke yako hawatakuruhusu, saa ya kutazama wagonjwa bado. Lazima niwaambie wewe ni nani wake. Nani wake?

Swali lilikuwa rahisi kabisa. Gundi alilitafutia jibu, na hakuliona. Mwana? Si mwana. Jirani? Hakujua hata nyumba. Rafiki? Rafiki gani asiyejua jina la rafiki yake mpaka asomewe na mtu wa barabarani? Alimgeukia Mama Birika, na yeye pia alikuwa anatafuta. Akaona machozi yanamjia, akayaacha yaje.

— Huwa ananiuliza nimeamkaje, alisema.

Binti alimtazama kidogo, akatikisa kichwa kukubali.

— Basi nitasema wewe ni mtu wake. Nikutaje jina gani?

— Gundi.

— Hilo hawataliandika, kaka. Jina lako kamili.

Gundi alijipangusa mikono kwenye aproni, akasimama wima kama mtu aliyeitwa mbele ya watu, akataja majina yake matatu. Yalitoka kwa tabu kidogo, kwa kuwa siku nyingi hayakuwa na kazi. Mama Birika, ambaye alikuwa ameinamia jiko, aliinua uso akamtazama kama anayemtazama mgeni.

— Ndiyo jina lako hilo?

— Ndilo, mama.

— Miaka yote hii?

— Tangu nizaliwe.

Mama Birika alilisema taratibu, jina lote, kutoka mwanzo hadi mwisho, akakosea kidogo, akalianza upya. Halafu akajifuta mikono kwenye kanga na kumwambia lake.